Asanteni kwa Kuziokoa Riwaya Zetu na Watazamaji

Wakuu wa Idara za Tamthilia,
Vituo vya Televisheni vya Kiswahili,
Popote Mlipo.

YAH: SHUKRANI KWA ULINZI WA RIWAYA ZA KISWAHILI

Waheshimiwa,

Somo la hapo juu lahusika.

Nawapongeza kwa kazi ambayo wananchi wengi hawaijui: kuzilinda riwaya zetu zisionekane. Shaaban Robert, Muhammed Said Abdulla, Euphrase Kezilahabi, Said Ahmed Mohamed, wote wako salama mikononi mwenu. Wamepangwa rafuni, wanafunuliwa na mtoto wa sekondari usiku wa kuamkia mtihani, na baada ya hapo hawamsumbui mtu. Isingekuwa uangalifu wenu, leo bibi zetu wangekuwa wanagombana sebuleni juu ya Maksuudi wa *Utengano* ya Said Ahmed Mohamed, badala ya kugombana juu ya bwana mmoja wa Istanbul ambaye jina lake wanalitamka vizuri kuliko la mkwe wao.

Hapo kwa Waturuki nisimame kidogo, maana wenzetu wale walikosa walinzi. *Aşk-ı Memnu*, riwaya ya Halit Ziya Uşaklıgil, ilitoka jaridani kwa mfululizo kati ya 1899 na 1900. Ingeachwa ikazeeka kwa heshima. Lakini mwaka 1975 televisheni ya taifa, TRT, ikaiigiza kwa sehemu sita. Hawakukoma: mwaka 2008 ikaigizwa upya kwa mtindo wa sasa, ikaendelea hadi 2010 na kuuzwa nchi za nje. *Yaprak Dökümü* ya Reşat Nuri Güntekin nayo ilianza kuonyeshwa mwaka 2006. Matokeo ndiyo hayo: wao wana kiwanda cha tamthilia, sisi tuna kisimbuzi na deni la kifurushi.

Niliwahi kupeleka andiko la kuziigiza riwaya zetu kwenye kituo kimoja ambacho sitakitaja, kwa kuwa walininunulia soda. Nikapewa sababu tatu za kukataliwa, zote za kitaalamu.

Ya kwanza: hivi ni vitabu vya shule, na mtazamaji anataka fitina. Kweli kabisa. *Utengano*, ya mwaka 1980, ina fitina gani? Mzee mwenye mali na sifa ya uchaji anawafungia mke na binti yake ndani ya nyumba. Mke anashikwa na uchungu, mkunga anaitwa bila ruhusa, na kwa kosa hilo mume anatoa talaka. Kisha mwanamke mmoja, Kazija, anajiweka karibu na mzee, anajiweka karibu na mtoto wa kiume wa mzee huyo, halafu anawakutanisha nyumbani kwake uso kwa uso. Mambo makavu ya darasani tu. Na wale wanafunzi wa Kenya wanaolipa kiingilio na kujazana ukumbini kutazama vitabu vya mtihani vikiigizwa jukwaani, bila shaka wanafuata kiyoyozi.

Ya pili ni gharama. Nilikuwa nimependekeza *Kusadikika* ya Shaaban Robert, iliyochapishwa mwaka 1951. Mwenyeji wangu akacheka: "Nchi inayoelea angani! Hela ya kompyuta nitoe wapi?" Sikutaka kumharibia siku kwa kumwambia kwamba sehemu kubwa ya hadithi ni baraza la hukumu. Karama ameshitakiwa, waziri Majivuno anamkandamiza, naye anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita, wakarudi na mambo mema, wakatiwa gerezani. Wajumbe sita, sehemu sita: mwandishi amekwisha kukata kitambaa, kilichobaki ni kushona. Watu wamekaa chumba kimoja wanasemana, kama kwenye tamthilia zenu za kila siku, ila masofa yametolewa. Kuhusu mjumbe anayeleta jambo jema akaishia kufungiwa, sikuona adabu kuuliza kama lilimkumbusha mtu yeyote mle ofisini.

Ya tatu: hadithi lazima "iboreshwe". Nilikuwa nimeambatisha onyesho la Bwana Msa, mpelelezi wa Zanzibar aliyeingia fasihini na *Mzimu wa Watu wa Kale*, kitabu cha Muhammed Said Abdulla cha mwaka 1960. Likarudi na maelekezo. Kiko akiache, apewe simu mbili. Rafiki yake Najum awe msichana, ili wapendane. Kwa kuwa mdhamini anatengeneza sabuni, mpelelezi anawe mikono kila anapoiona maiti, na povu lionekane. Pembeni, pale Bwana Msa anapokaa kimya kuunganisha dalili, paliandikwa kwa kalamu nyekundu: "Anawaza sana. Apige mtu kibao."

Msije mkadhani napinga mabadiliko. Mwaka 1995 BBC waliigiza *Pride and Prejudice* ya Jane Austen kwa sehemu sita. Andrew Davies, aliyeandika maigizo yake, akamtumbukiza Bwana Darcy bwawani, jambo ambalo kitabuni halimo, na Uingereza haijalisahau hadi leo. Amil Shivji naye alilazimika kuchagua na kuacha alipoitengeneza filamu ya *Vuta N'kuvute* kutokana na riwaya ya Adam Shafi, iliyoonyeshwa kwenye tamasha la Toronto mwaka 2021 na baadaye kupelekwa na Tanzania kuwania tuzo za Oscar. Jina aliliacha kama lilivyo. Tofauti yao na kalamu nyekundu ni ndogo sana: wao walikisoma kitabu kwanza.

Kwa hiyo nina maombi matatu. Msomeni mwandishi kabla ya kumboresha. Mlipeni, au walipeni warithi wake, kwa mkataba ulioandikwa, si kwa ahadi ya "jina lako litatokea mwishoni". Na anayeigeuza riwaya kuwa maigizo mpeni miezi ya kazi, msimwite Jumatatu kwa kipindi kitakachorekodiwa Alhamisi.

Mkishindwa, msihangaike, utaratibu upo. Tutasubiri Waturuki waitafsiri *Utengano*, waiigize kwenye jumba la pwani ya Bosphorus, Kazija avae gauni la hariri. Nanyi mtainunua kwa fedha za kigeni, mtaiingizia sauti za Kiswahili, na mtatutangazia kwa fahari kwamba safari hii mmetuletea hadithi ambayo haijawahi kusimuliwa.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mtazamaji wa Saa Tatu Usiku