Bibie wa Mwembe wa Kwihara

(Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, jirani na tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872. Mwembe umechanua. Kwenye kishada cha maua kimetulia kitu cheupe chenye michirizi ya kijani na waridi. Nyuki anakuja mbio, anaghairi, anatua jani la pili.)

NYUKI: Mwangaluka, ua.

VUNJAJUNGU: Mwangaluka, dada. Sogea, utamu umejaa huku.

NYUKI: Ahsante, nimeshiba. Kwetu kwenye mzinga wa gome tumefundwa: ua likiitikia salamu, usilitue.

VUNJAJUNGU: Haya, kaa hukohuko, lakini niangalie vizuri. Hivi vijiba vya tumboni, miguu yenye mistari, na hapa… (Anakunjua mabawa ghafla. Kila moja lina jicho la manjano lenye ukingo mweusi, limejikunja kama tarakimu 9; chini yake rangi ya chungwa.) Umeona?

NYUKI: Na ndege akiona hayo macho anakimbia?

VUNJAJUNGU: Anashtuka kidogo. Hicho kidogo kinanitosha.

NYUKI: Mbona nasikia ulianguliwa mweusi kama sisimizi?

VUNJAJUNGU: Utoto huo. Sisimizi anauma, haliwi ovyo. Mdogo asiye na lake anajifanya yeye. Baadaye nikajivua gamba.

NYUKI: Hilo hata kwenye mikutano ya siasa tumelisikia.

VUNJAJUNGU: Mimi nililivua kweli, zaidi ya mara moja! Na Ulaya wananifuga. Sanduku la kioo, joto nyuzi 25 hadi 30, nzi analetwa mpaka chumbani, maji napuliziwa kama umande. Hata jina la kisomi ninalo. Mswidi mmoja, Stål, aliniandika vitabuni mwaka 1871 kwa heshima ya Wahlberg.

NYUKI: Mwaka 1871 hapahapa Kwihara alikuwapo Stanley na mizigo yake, na pembe za ndovu zinapita kwenda Bagamoyo, frasila mbili begani mwa mpagazi. Huyo Wahlberg naye nani?

VUNJAJUNGU: Msafiri. Alizunguka kusini mwa Afrika akikusanya wadudu na ndege, na kuwinda tembo pia. Mwaka 1856 tembo akamuua.

NYUKI: Na tembo akapewa mdudu gani wa kuitwa jina lake?

VUNJAJUNGU: Wivu huo, dada.

NYUKI: Basi nieleze, kwenye hilo sanduku unajivuaje?

VUNJAJUNGU: Kama huku, nikining'inia kichwa chini. Kwa hiyo sanduku liwe na kimo mara tatu ya urefu wangu. Likiwa fupi, au mwenye nyumba akilitikisa, naanguka kabla mwili haujakauka, miguu inapinda, ndiyo basi. Na chenene akisahauliwa humo siku hiyo, ananitafuna yeye.

NYUKI: Kitoweo kinamla mpishi! Na bado unataka kwenda?

VUNJAJUNGU: Nataka, ila njia ilifungwa. Mwaka 2016 Serikali ilizuia kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi.

NYUKI: Pole. Pembe zilipita hapa mwaka hadi mwaka, wewe wa sentimita nne ndiyo ulizuiwa.

VUNJAJUNGU: Wenzangu waliwahi. Sasa wanazaliana hukohuko.

NYUKI: Kwa hiyo hata nafasi yako imejaa. Watoto wao wamezaliwa koponi, mwembe hawaujui, lakini soko ni lao. Mimi asali yangu inapanda treni kwenda Dar kwenye chupa kuukuu za maji, na kesho asubuhi niko kazini papa hapa.

VUNJAJUNGU: Kazi! Mimi natulia, chakula kinakuja chenyewe.

NYUKI: Leo kimetua jani la pili.

(Kimya. Kutoka nyuma ya tawi anachungulia vunjajungu mwingine, mwembamba, mabawa marefu. Ananong'ona.)

DUME: Samahani, dada Nyuki. Nasikia huko Ulaya mwenye nyumba humshibisha bibi kwanza, ndipo amlete bwana. Huyu wetu ameshakula?

NYUKI: Bado, kaka. Ananisubiri mimi.

DUME: Na wewe una mpango gani?

NYUKI: Naondoka.