Mheshimiwa wa Redio Koli

Yuko muungwana mmoja hapa bandarini Kigoma ambaye, tangu alipokabidhiwa redio koli, hutembea bega moja limeinama kwa uzito wa madaraka. Naye akishabonyeza kitufe hukishikilia hata salamu, nasaba na malalamiko yake yote yaishe, ilhali chombo hicho, kwa maumbile yake, hakipokei sauti maadamu kinapeleka. Huibeba kwa antena kama mgebuka kwa mkia, betri huichaji akumbukapo, na chaneli ya 16, iliyotengwa kimataifa kwa wito na dharura za vyombo vya majini, huulizia bei ya dagaa. Mwaka 1871 Stanley alimpata Livingstone Ujiji pasipo redio. Lau wangalikuwa nayo, na mwenzetu huyu yuko hewani, wangali wakitafutana. Tafadhali bwana, achia kitufe.