Mbwa wa Kuwinda Simba

Aliyeniuzia alikuwa na maneno machache, na yote yalihusu simba. Huyu ni Rhodesian Ridgeback, alisema, asili yake Zimbabwe. Mababu zake waliandamana na wawindaji waliopanda farasi, wakamkabili simba porini. Akamgeuza kilebu, akanionyesha ukanda wa manyoya mgongoni ulioota kinyume, kuelekea kichwani, kama kazi ya kinyozi aliyelewa. Nikalipa. Kuku wetu walikuwa wakiibwa, nami nikapiga hesabu zangu: anayemkabili simba atashindwaje na kibaka wa Arusha?

Mlinzi wetu ni mzee wa Kimasai, na kwake simba si hadithi ya kuuzia mbwa. Alimtazama kilebu akijikwaa kwa miguu yake mwenyewe, maana miguu ilitangulia kukua, mwili ukabaki nyuma. Akaniuliza kwa upole, “Bosi, simba yupi?”

Watoto wakampa jina: Simba. Jirani yetu ni Yanga damu, na sidhani kama kuna zawadi aliyowahi kupewa ikamfurahisha kiasi hicho. Kila nikipaza sauti, “Simba, toka jalalani!” au “Simba, umekojoa tena ndani?” nasikia kicheko nyuma ya ukuta. Wiki ya watani wa jadi huwa anasogeza kabisa kiti.

Nikaenda kusoma habari za ukoo huu. Mwaka 1922, mjini Bulawayo, wafugaji wakiongozwa na Francis Barnes walikaa wakaandika sifa za mbwa huyu: kimo, kifua, ule ukanda wa mgongoni. Lakini lililonifumbua macho ni kazi yake. Kumbe hakuwa akimuua simba. Alimzunguka, akambwekea, akamkwepa, akamrudia, mpaka mwenye bunduki afike. Yaani ajira ya ukoo mzima ilikuwa kero, tena kero ya kutwa nzima juani, kwa mwendo wa farasi. Sasa mnyama wa namna hiyo umfungie kwenye kiua chenye mpapai mmoja, unategemea ashinde anafanya nini?

Anachapa kazi. Ule mpapai ameshaung'oa. Hutafuna ndala za kushoto tu, za kulia hazigusi, na sasa tunazo za kulia za kutosha kufungulia genge. Siku moja aliing'oa kamba ya kuanikia, akatoka nayo mbio getini, sare za shule zikamfuata mtaa mzima. Chungu chake cha dona na pupu kinazidi cha familia, na mwenye bucha siku hizi ndiye anayeniwahi salamu.

Na kuku? Jogoo alimdonoa pua mara ya kwanza walipokutana. Tangu hapo, mbwa wa kuwinda simba akitaka kwenda bandani kwake huzungukia nyuma ya choo. Mlinzi naye ameomba nyongeza ya mshahara, kwa hoja kwamba aliajiriwa kulinda nyumba, siyo nyumba pamoja na mbwa wa bei mbaya. Hoja yake sina pa kuipingia.

Dume aliyekomaa hufika kilo 36 hivi. Wetu alikuwa bado hajafika tulipokwenda kwenye chanjo ya kichaa cha mbwa, nami namshukuru Mungu. Bodaboda wote walimtazama wakawasha pikipiki zao, kwa hiyo tukatembea, mimi nimejizungushia kamba ya manila mkononi. Tulikwenda vizuri mpaka alipoona mbuzi. Mbuzi walivuka mtaro, Simba akavuka mtaro, na mimi nikaupitia kwa ndani.

Kwa bwana mifugo alikaa chini bila kuambiwa, akapokea sindano, akamlamba mkono.

“Mpole sana huyu,” bwana mifugo akasema, akijaza kadi. Kisha akainua macho, akaniona matope na suruali iliyobaki mguu mmoja. “Wewe, mzee, umetoka wapi hivyo?”