Jinsi ya Kuvaa Jezi ya Wakubwa na Kuirudisha Ikiwa Safi

Sogea karibu, mdogo wangu, na usimwambie mwalimu wa michezo kwamba tumeongea. Umefika juzi tu katika shule ya upili hapa Ngong, sweta bado linanuka duka, na tayari macho yako yako kwenye jezi ya timu ya kwanza. Hongera. Wenzako wamekuja kusoma, wewe umekuja kuonekana. Nitakufundisha namna ya kuipata jezi hiyo, kuivaa msimu mzima, na kuirudisha stoo bila hata doa la nyasi.

1. Shukuru Wizara ya Elimu.

Zamani mdogo wa shule alikuwa mono wa kidato cha kwanza, mtoto wa miaka 14 mwenye sanduku la bati lililomzidi uzito. Mono wa mwisho waliingia Januari 2024. Mwaka wa 2025, mfumo wa elimu ulipokuwa ukibadilishwa, hakuingia mtu, na Januari 2026 likaja kundi la kwanza la Gredi ya 10, yaani ninyi. Kwa hiyo umekuja na mwaka mmoja zaidi miguuni kuliko mono wa kale. Usimkumbushe mtu. Endelea kujiita mdogo, endelea kuonewa huruma.

Na usiogope kanuni. Michezo ya shule za upili ina kikomo cha miaka 19, na kelele zote za rufaa humwandama aliyezidi: yule mwenye sauti nzito na kidevu kilichonyolewa mara mbili kwa siku, ambaye amekuwa kidato cha tatu tangu Kibaki akiwa Ikulu. Yeye ndiye wa kutafutiwa cheti cha kuzaliwa. Wewe nani atakukatia rufaa kwamba umepungua?

2. Jitokeze siku ya baridi.

Soka iko muhula wa pili, na muhula wa pili Ngong una Juni na Julai ndani yake. Upepo ule ule unaozungusha mitambo ya umeme ya KenGen kule vilimani hushuka mpaka uwanjani saa kumi jioni, na kipa akipiga mpira juu unaweza kumrudia mwenyewe. Siku kama hizo vigogo wa kidato cha nne hugundua ghafla kwamba wanaipenda Kemia. Wewe toka. Kocha huhesabu vichwa kabla ya kuhesabu vipaji. Akikuta vichwa kumi, cha kumi na moja ni chako, hata kama mguu wako wa kushoto ni wa kusimamia tu.

3. Pokea jezi kwa adabu.

Itakuwa kubwa. Shule haijawahi kuagiza saizi yako, na haitaanza leo. Mikono itafika kwenye viwiko, shingo itaonyesha fulana, na kwapani kuna jasho la vizazi vitatu ambalo Omo imeshindwa nalo. Ukiichomeka ndani ya kaptura itajikusanya nyuma kama mto wa kulalia. Ichomeke hivyo hivyo. Namba ikizama nusu ndani ya kaptura, 17 ikabaki 1 na kipande cha 7, hiyo ni baraka: watu watauliza ni namba ngapi, na anayeuliza namba yako ameshakutazama.

4. Kuwa mtu wa machungwa.

Hapa wengi hukosea. Wanadhani nafasi kwenye basi hutolewa kwa kupiga chenga. Basi la shule lina viti vichache na kocha ana mizigo mingi, kwa hiyo nafasi ni ya anayebeba. Beba mipira. Beba jerikeni. Kata machungwa vipande vinne, wala si viwili, maana kipande kikubwa humchuruzikia nahodha mpaka kwenye kiwiko, na nahodha mwenye mikono inayonata hana huruma. Mpe cha kwanza yeye. Cha pili mpe kipa, hata kama amefungwa matatu. Hasa akiwa amefungwa matatu.

Kufikia mashindano ya kaunti, jina lako litakuwa kwenye orodha na hakuna atakayekumbuka liliingiaje.

5. Tawala benchi.

Sasa umefika, mdogo wangu. Benchi ndilo jukwaa lako. Kaa wa pili kutoka kwa kocha, kwa sababu wa kwanza huulizwa maswali. Vuta soksi mpaka magotini. Kocha akiguna, guna. Dakika ya 60 inuka bila kuitwa, ukimbie pembeni ya mstari mpaka kwenye kibendera cha kona, upande ambao wazazi wamesimama. Nyoosha paja. Tazama mbali, upande wa vilima. Mama atakupiga picha, na picha haina sauti ya kueleza kwamba hukuingia.

Jioni hiyo picha itakuwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, na Jumapili baba ataionyesha kwenye nyama choma. "Huyu kijana wangu anacheza na watu wa kidato cha nne." Nimekaa kwenye meza nyingi za namna hiyo na sijasikia mzee hata mmoja akiuliza umecheza dakika ngapi. Wanauliza una miaka mingapi. Baba atalijibu swali hilo kwa furaha, na pengine atapunguza mmoja.

Kisha lazima mjomba ataje Lamine Yamal. Jiandae, usishangae kama mgeni. Alizaliwa Julai 13, 2007, akaichezea timu kubwa ya Barcelona Aprili 2023 akiwa na miaka 15, na mwaka wa 2024 alikwenda Ujerumani kwenye Euro akiwa na kazi za shule za kufanya hotelini. Alitimiza miaka 17 siku moja kabla ya fainali na akarudi na kombe. Tikisa kichwa polepole, useme, "Na sisi tuna mitihani." Usiongeze neno.

6. Chagua dakika yako.

Ipo hatari kwamba siku moja kocha atakuingiza kweli. Ikibidi, fuata mfano wa Ethan Nwaneri wa Arsenal. Septemba 18, 2022, akiwa na miaka 15, aliingia dhidi ya Brentford katika dakika za nyongeza, Arsenal wakiongoza 3-0. Hakuna la kuharibu, na jina limeandikwa katika historia ya Ligi Kuu ya Uingereza. Hiyo ndiyo dakika ya kutamani: wenzako wameshachoka kufunga, refa anaangalia saa.

Usithubutu kuingia mkiwa nyuma. Muulize Joe Nuxhall, kule Marekani kwenye besiboli. Juni 10, 1944, vita vilikuwa vimewachukua wanaume, na Cincinnati Reds wakamwita mvulana huyo wa miaka 15 awarushie mipira St. Louis Cardinals. Reds walikuwa wameshachapwa 13-0, kwa hiyo ungedhani hakuna la kuogopa. Alijikwaa kwenye ngazi akitoka benchi. Akawatoa wapinzani wawili, kisha mkono ukasahau kazi: pointi tano zikapita mikononi mwake, mechi ikaisha 18-0, naye hakurudi ligi kuu mpaka 1952. Baadaye alikuwa mchezaji mzuri wa miaka mingi, lakini miaka minane ni mingi kusubiri watu wasahau jioni moja.

7. Umia kwa wakati.

Mkishinda mashindano ya kaunti yetu ya Kajiado, balaa limefika, maana hatua inayofuata ni ya kanda, na katika michezo ya shule sisi tuko Bonde la Ufa. Huko kuna shule ya St Anthony's ya Kitale, walikopita wanasoka Aldrine Kibet na Amos Wanjala kabla ya kwenda akademia ya Nastic, Uhispania. Vijana wa huko pia ni wadogo. Tofauti ni kwamba wao wanacheza.

Kwa hiyo umia siku mbili kabla ya safari. Goti usiliguse, goti hupigwa picha hospitalini. Kifundo kinatakiwa kivimbe. Chagua nyuma ya paja: halivimbi, halitoki damu, na muuguzi wa shule hana kifaa cha kulibishia. Atakupa Panadol na kukupaka dawa inayochoma. Kunja uso, lakini omba usafiri na timu ili uwatie moyo wenzako. Kocha atakusifu mbele ya wote, na machungwa bado yanahitaji mtu.

Chechemea ukipanda basi. Chechemea ukishuka. Na usiku huo, kabla taa za bweni hazijazimwa, andika nyuma ya daftari ni paja gani. La kulia.