Sifa za Neno Gumu

Wapo waliomsifu simba, wapo waliosifu kahawa, hata usingizi umepata wa kuusifu. Lakini neno gumu la Kiingereza, lile linalokaririwa usiku wa manane kwa ajili ya SAT, mtihani wa kuingilia vyuo vya Marekani, halijapata mtetezi. Leo nalisimamia.

Kwanza, lina nasaba. Mtihani huo ulifanywa mara ya kwanza Juni 1926, chini ya usimamizi wa Carl Brigham, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Princeton. Watahiniwa walipewa maswali 315 na dakika 97 za kuyajibu. Piga hesabu: chini ya sekunde 20 kwa kila swali. Hekima ya namna hiyo haina nafasi ya kutafakari, na neno gumu halikuidai.

Pili, halina tamaa ya kutumika. Mtu anaweza kufiwa, akalia, akazika na kuanua matanga bila kulihitaji *lugubrious* (lenye huzuni nzito) hata mara moja. *Obsequious* (mnyenyekevu kupita kiasi) halijawahi kumwombea mtu chumvi mezani wala kumwitia teksi. Maneno ya kawaida yanachoshwa na kazi kutwa. Haya hutoka siku moja tu, Jumamosi ya mtihani, kisha hurudi kupumzika na kusahauliwa.

Tatu, ni haki tupu. Katika swali moja lililopata umaarufu, mtahiniwa alitakiwa kujua kwamba mkimbiaji na marathoni ni sawa na mpiga makasia na regatta, yaani mashindano ya mashua. Mtoto aliyekulia karibu na klabu za mashua alijibu akitabasamu. Mtoto wa fundi mwashi naye alikuwa huru kabisa kununua mashua, au angalau kitabu cha msamiati.

Nne, ni mlezi wa biashara. Waandaaji walishikilia kwamba mtihani huu haufundishiki. Stanley Kaplan wa Brooklyn akaanza kuufundisha mwaka 1946, na wanafunzi wakamiminika. Tangu hapo neno gumu limelisha walimu wa jioni, wachapaji wa vitabu na wauza kadi zenye neno upande mmoja na maana upande wa pili. Wazazi ndio wanaolipa, na mzazi akishalipa, nani atathubutu kusema neno halina maana?

Tano, ni stahimilivu. Mwaka 1994 maswali ya vinyume yaliondolewa. Mwaka 2005 maswali ya kulinganisha yakafuata, regatta na makasia yake yote. Mwaka 2016 ikawa zamu ya sentensi za kujaza, na waandaaji wakatangaza kwamba sasa watapima maneno yanayotumika kweli chuoni na kazini. Neno gumu halikununa. Lilihamia GRE, mtihani wa wanaoomba shahada za juu, na kwenye orodha za zamani ambazo vijana bado wanazikariri, wakijiandaa kwa vita iliyokwisha.

Basi, ewe mtahiniwa, uwe Chicago, Nairobi au Arusha, lisalimie neno gumu kwa taadhima yote, ila usilikabidhi usiku wako. Usiku kipe kitabu kizuri: humo utakutana na maneno yakiwa kazini, na yale yenye faida yatabaki nawe hata baada ya mtihani.