Namna ya Kushindwa kwa Heshima Mbele ya Logi

Ndugu yangu wa Rumonge, na wewe wa Magara, na wewe wa Nyanza-Lac unayecheza World of Warcraft kwenye laptopu inayokula mega za simu: hutakuwa wa kwanza. Kikosi chako kina watu ishirini. Wenzako wako Ulaya, intaneti inawafikia kwa waya hadi chumbani, na mchezo wenyewe ulitoka mwaka 2004, kwa hiyo wapo walioanza kuucheza kabla wewe hujajua kusoma. Habari ya kuwapita tuiweke pembeni. Ninachotaka kukufundisha ni kushindwa vizuri, ushindwe kwa namna ambayo kesho watakuita tena. Zana ya kazi hiyo ni ileile inayowaumbua watu kila usiku, yaani logi ya mapigano.

Logi si uchawi. Andika /combatlog, na mchezo unaanza kuandika kila tukio kwenye faili la maandishi: nani kampiga nani, kwa silaha gani, saa ngapi hadi sehemu ya elfu ya sekunde, nani kaponywa, nani kafa. Kisha mtu anapakia faili hilo kwenye Warcraft Logs, ambayo imekuwepo tangu 2013, na maelfu kwa maelfu ya mistari hiyo yanageuka majedwali yenye rangi. Kila mchezaji anapewa namba hadi 100 na rangi yake: kijivu ni wa chini kabisa. Kijani kinaanzia 25, buluu 50, zambarau 75, chungwa 95. Aliyefika 99 anapewa waridi, na mmoja aliye juu ya wote anapewa dhahabu. Namba hiyo inakulinganisha na wenye mhusika wa aina yako tu, waliompiga bosi huyohuyo, yaani adui mkuu wa pambano. Ukipata 40, maana yake umewapita arobaini katika kila mia.

Hatua ya kwanza: usipakie wewe.

Huu ndio mkato mkubwa kuliko yote, tena hauna aibu. Faili la usiku mmoja linaweza kufika mamia ya megabaiti, na hata likibanwa litakula mega zako. Lakini logi ya mchezaji mmoja inabeba matendo ya kikosi kizima kilicho karibu naye. Mmoja akipakia, wote mmepakia. Mwachie mwenzako wa Lyon au wa Liège mwenye intaneti isiyo na kikomo, kisha mshukuru kwa jina. Wewe fungua majedwali peke yake, ambayo ni mepesi, na uache ule mchezo wa kurudia pambano zima kama sinema. Kama Kifaransa cha shuleni ndicho unachosoma haraka, tovuti inapatikana kwa Kifaransa, na seva za Wafaransa kama Hyjal zinapokea akaunti yoyote ya Ulaya. Angalia saa tu: wakati wa kiangazi cha kwao saa zenu ni moja, lakini majira ya baridi wakisema saa tatu usiku, kwako Rumonge ni saa nne.

Hatua ya pili: tafuta jina lako. Najua utalitafuta kwanza. Kila mtu hufanya hivyo, hata kiongozi wa kikosi anayejifanya anasoma mambo makubwa. Basi litazame, uone rangi yako, uhuzunike kidogo au ufurahi kidogo, halafu uendelee. Anayejizuia asijitazame husoma kurasa zote zilizobaki huku jicho likirudi palepale.

Hatua ya tatu ni ukurasa wa vifo, na hapa naomba utulie.

Usijaribu kusoma logi nzima. Hakuna anayeimaliza, na wanaodai wameimaliza wamesoma kurasa tatu. Anza na vifo. Bonyeza kifo chako, utaoneshwa sekunde za mwisho za uhai wako, mstari kwa mstari: kipigo hiki, kipigo kile, dawa iliyochelewa, moto uliokuwa umesimama juu yake. Mara nyingi sababu ni moja tu, tena ya kijinga, tena ni ileile ya jana. Iandike kwenye karatasi kwa maneno matano. Anayekufa dakika ya pili katika pambano la dakika sita hupoteza theluthi mbili za kazi yake, na hakuna ufundi wa vidole unaoweza kuzirudisha. Maiti haina rangi nzuri. Kwa hiyo njia rahisi ya kupanda kutoka kijivu hadi kijani si kupiga kwa haraka zaidi, ni kubaki hai hadi mwisho, hata kama unapiga kivivu. Wengi hawaamini jambo hili kwa sababu halina utukufu. Wewe liamini, ulifanye wiki mbili, na uwaache washangae.

Hatua ya nne: chukua kazi isiyotakiwa na mtu.

Kuna ukurasa wa kukata uchawi, yaani kumzuia adui katikati ya tendo lake. Kazi hii haiongezi namba yako hata kidogo, na ndiyo maana kila mtu anamwachia mwenzake. Jitolee kuifanya. Wanapovua ndagala usiku hapa ziwani, yupo anayeitazama taa ili samaki wakusanyike juu ya wavu. Asubuhi ufukweni kila mtu anahesabu samaki, hakuna anayehesabu taa, lakini kikosi chenye akili hakimwachi mtu huyo nchi kavu. Kiongozi wako akifungua ukurasa ule na kukuta jina lako juu, hatajali kwamba kwenye jedwali la madhara, yaani jumla ya vipigo ulivyotoa, uko wa kumi na saba. Umenunua nafasi yako kwa bei ndogo kuliko mtu yeyote kikosini. Huu ni mkato wa kweli, na naupenda.

Hatua ya tano: umbali. Utumie kama sababu, lakini uutumie mara moja.

Tuseme seva iko Paris: kutoka Rumonge hadi huko ni kilomita zipatazo 6,400 kwa mstari ulionyooka. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo hukimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwenda na kurudi, basi, ni milisekunde zaidi ya 60 hata kama waya ungekatiza Sahara bila kona. Haukatizi. Burundi haina bahari, kwa hiyo mbofyo wako unavuka kwanza nchi za jirani hadi pwani, unaingia kwenye nyaya za baharini zilizoanza kufika Afrika Mashariki mwaka 2009, ndipo unapanda Ulaya. Ukiona milisekunde 180 au 200 kwenye skrini, si kosa lako. Mwambie kiongozi namba hiyo siku ya kwanza, kwa sentensi moja, kisha usiitaje tena. Sababu inayotajwa kila usiku huchosha, hata ikiwa ya kweli.

Halafu uidanganye hiyo seva kidogo, kwa ruhusa yake. Mchezo una dirisha la kupokea amri mapema, na kwa kawaida limewekwa milisekunde 400. Maana yake unaweza kubonyeza pigo lijalo kabla la sasa halijaisha, na seva italipanga foleni. Anayesubiri mpaka aone pigo limekwisha anapoteza safari nzima ya Paris kila mara. Bonyeza mapema. Kwenye kukata uchawi foleni hiyo haikusaidii, kwa hiyo panga zamu kabla ya pambano: omba wa kwanza uwe wewe, na ubonyeze mara tu adui anapofungua mkono, usisubiri aukaribie mwisho kama wanavyofanya walio jirani na seva.

Umeme ukikatika ni jambo jingine. Betri ya laptopu ijae na simu ijae kabla ya kuanza. Ukitoweka katikati, mhusika wako anaweza kubaki amesimama mpaka afe, na ukurasa wa vifo utaonesha umeuawa na moto kama mzembe mwingine yeyote. Tuma ujumbe kwa simu dakika ileile, kabla hawajafungua ukurasa huo.

Hatua ya sita ni udanganyifu wenyewe, maana najua umeusubiri. Wa kwanza ni kuwapiga wadudu wadogo ambao wangekufa wenyewe, ili namba ipande. Usiufanye: logi inachuja kwa adui mmoja mmoja, na mibofyo miwili inamwonesha mtu yeyote kwamba bosi hukumgusa. Wa pili ni kumwomba kasisi akupe ile baraka yake ya kuharakisha mapigo. Huu uombe, tena uombe kwa adabu na mapema, kwa sababu ni halali na namba hupanda kweli. Wa tatu uko kwenye Details, programu ya nyongeza inayoonesha madhara papo hapo: ina chaguo la kuhesabu muda wa kushughulika peke yake, na ukilichagua, sekunde ulizosimama bure hazikuhesabiwi. Litumie kwa moyo wako ukiwa peke yako, lakini usitume picha yake kikosini. Ujue pia kwamba mwaka 2025 Blizzard ilitangaza kuzibana programu kama hizo kuanzia toleo la Midnight, na kuweka kipimo cha madhara ndani ya mchezo wenyewe.

Kama wewe ni mponyaji, pumua. Rangi yako inategemea makosa ya wengine. Kikosi kikikwepa vizuri, hakuna vidonda vya kuponya, na mponyaji wa kikosi bora anaweza kulala kijivu kwa sababu hiyo tu.

Wenzako wakihamia Final Fantasy XIV, kuwa mwangalifu zaidi. Square Enix imekataza zana za nje, na anayemtupia mwenzake namba zake kwenye mazungumzo ya mchezo anaweza kuadhibiwa. Zungumzia kosa, namba usiitamke. Na kwa wanaocheza Mobile Legends kwa simu, hamna logi ya kusoma, mnapewa medali na MVP mwishoni; medali haisemi ulikufa kwa nini, kwa hiyo jiulize hilo kabla ya kubonyeza mechi nyingine.

Hatua ya saba: shindwa usiku usiohesabiwa. Warcraft Logs huwapanga watu kwa mapambano ambayo kikosi kilishinda tu. Majaribio yote yaliyoishia kwa kikosi kizima kulala chini hayakupi rangi yoyote. Huo ndio uwanja wako. Jaribu silaha mpya, simama mahali pa hatari, kosea kwa makusudi ili ujue kosa linauma kiasi gani. Bosi akikaribia kufa, rudi kwenye yale unayoyajua.

Na jambo moja siwezi kulipitisha: usifungue ukurasa wa mtu mwingine ili umchome. Wapo watoto wa miaka kumi na sita walioacha mchezo waupendao kwa sababu mtu mzima aliwabandikia rangi ya kijivu mbele ya wenzao. Logi ya jirani ifungue kwa sababu moja tu: yeye ni wa aina yako na amekupita. Nenda kwenye orodha ya mapigo yake, uone alitumia lipi kwanza na lipi baadaye, uibe mpangilio wote. Wizi huu hauna mwenye mali, na wakubwa wote wamejifunza hivyo.

Asubuhi kiongozi atauliza nani alisoma. Wengi watakaa kimya. Wewe andika hivi, bila kuongeza neno: «Nilikufa dakika ya nne, nilikuwa nimesimama motoni. Nilikata uchawi mara sita, wa saba ulinipita. Leo nakata wa kwanza na wa tatu. Nani anachukua wa pili?»