Cornwall kwa Mtalii Mwenye Haraka: Dozi Tano za Kumponya

Mgonjwa wa haraka hujulikana mapema. Hupanda treni kituo cha Paddington, London, na baada ya mwendo wa saa tano hivi hushuka Penzance, mkoani Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza. Hapo hukodi gari, akakimbilia rasi ya Land's End, akapigwa picha kando ya kibao kinachotaja umbali wa kwenda New York, kisha akawatangazia jamaa kwamba Cornwall ameimaliza. Hajaimaliza. Hata kuianza bado. Ndugu msafiri, kama dalili hizi unazo, dozi yako ni hii.

Dozi ya kwanza: uliza maji kabla ya kuuliza njia. Mbele ya mji mdogo wa Marazion kuna kisiwa chenye ngome kileleni, St Michael's Mount. Maji yakipwa, njia ya mawe huibuka na watu huvuka kwa miguu. Yakijaa, wa kukuvusha ni mwenye mashua. Mtu wa Lamu au Pemba hahitaji kufundishwa jambo hili, ila akishalewa utalii hulisahau. Tazama ratiba ya maji, uvuke mapema, na usibishane na bahari. Haijui treni yako inaondoka saa ngapi.

Dozi ya pili: vaa kofia ngumu uingie chini ya ardhi. Utajiri wa Cornwall ulichimbwa: bati na shaba. Nenda Geevor, karibu na kijiji cha Pendeen. Mgodi huu ulifungwa mwaka 1990, na sasa ni makumbusho. Hapo utapita ukiwa umeinama katika njia walizopita watu wazima kila siku ya kazi. Jirani yake ni Levant, mgodi uliopenya hadi chini ya bahari. Mwaka 1919 mtambo wa kuwapandisha na kuwashusha wachimbaji ulikatika, ukaua watu 31. Katika karne ya 19 wachimbaji wa Cornwall walitawanyika duniani, na ndiyo maana mjini Pachuca, Meksiko, mpaka leo huuzwa andazi la nyama lenye asili ya Cornwall.

Dozi ya tatu: kula andazi hilo kwao. Ni pasti: unga uliokunjwa nusu duara, ndani nyama ya ng'ombe, viazi, kitunguu na aina ya tanipu. Tangu 2011 sheria inalinda jina lake. Isiyotengenezwa Cornwall haiitwi pasti ya Cornwall. Muislamu aulize kwanza kuhusu nyama na mafuta. Ya jibini na kitunguu huwa ipo. Ukiwa mji wa St Ives, ile huku umeegemea ukuta, maana shakwe wa bandarini hunyakua mlo mkononi mchana kweupe. Jioni, agiza chai na skonzi: paka jamu kwanza, malai mazito yafuate. Wanaotanguliza malai ni majirani wa Devon, na hapa hawasifiwi.

Dozi ya nne: waheshimu wenyeji na njia zao. Watu wa Cornwall wana lugha yao, na tangu 2014 serikali ya Uingereza imewatambua kuwa jamii ya wachache yenye haki zake. Usiwaite Waingereza tu ukadhani umewasifu. Barabara za vijijini ni nyembamba, kingo zake ndefu kuliko gari. Mkikutana uso kwa uso, aliye karibu na mahali pa kupishania ndiye arudi nyuma. Anayepiga honi bado anaumwa.

Dozi ya tano ndiyo kubwa: Porthcurno. Juu ya jabali lake kuna Minack, ukumbi wa maigizo wa wazi uliofunguliwa 1932. Rowena Cade aliujenga kwa miaka mingi akishirikiana na vibarua wachache, mwenyewe akibeba mchanga na kuchanganya saruji. Njoo na koti la mvua. Mwavuli utamziba aliye nyuma yako. Chini ufukweni ndiko ilikotua, mwaka 1870, waya ya simu ya maandishi iliyounganisha Uingereza na India kupitia chini ya bahari. Mwaka 1879 mtandao huohuo ulifika Zanzibar kutoka Aden, ukaendelea hadi Durban. Habari za pwani yetu zikaanza kufika London kwa waya, si kwa kungoja meli. Makumbusho yake yamo hapohapo, pamoja na mahandaki yaliyochimbwa mwambani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kuilinda mitambo.

Toa wiki nzima, Mei au Septemba, kabla au baada ya msongamano wa Agosti. Ukiwa na siku moja tu, iache Land's End na kibao chake, uende Porthcurno. Kwa msafiri wa Afrika Mashariki, hakuna pahali pa Cornwall panapomhusu zaidi.